Boti Yako Peke Yako

Mnyoo wa mpira unanuka kitunguu saumu. Watu wengi hawalijui jambo hili, wala sioni kwa nini walijue, lakini mimi hadi leo nikipita mbele ya duka la ndara mpya, na jirani yake kuna mtu anakaanga vitunguu saumu, miguu husimama yenyewe na pua hunirudisha kwenye boti moja nyembamba, juu ya ziwa la kijani lililozungukwa na vilima vya mianzi, mbele kidogo ya Xintang, nje ya Guangzhou. Wachina wanaovua kwa mchezo hutumia minyoo ya mpira badala ya minyoo ya Mungu, na huipaka harufu ya kitunguu saumu ili samaki asiulize maswali mengi. Samaki mwenyewe wanamwita luyu. Ni yule wa maji baridi mwenye mdomo mkubwa kuliko akili zake, ambaye kwetu Kenya wazungu walimleta Naivasha akazaana. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, nasoma shule ya Wachina, na sikuwa na haja yoyote na samaki. Haja yangu ilikuwa kubaki na baba yangu, na nitaeleza samaki waliingiaje hapo.

Baba yangu, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa mtu wa mizigo. Wafanyabiashara walikuja Guangzhou kutoka nyumbani wakanunua bidhaa zisizotosha kujaza kontena zima. Huyu ana marobota ya suruali, yule ana masanduku ya taa, mwingine ana viti vya saluni. Baba alikodi kontena kwa jina lake, akaiuza nafasi yake vipande vipande, akapakia mizigo ya watu wote pamoja na kuisindikiza mpaka bandari ya Nansha. Kazi hiyo ilikuwa imemwingia kwenye damu. Hakuweza kuona mahali patupu akanyamaza. Sufuria za mteja mmoja alizijaza soksi za mteja mwingine, na ndani ya soksi akatia vijiko vya mteja wa tatu. Chini ya kitanda changu palilala mizigo ya watu nisiowajua. Mama alipofungua mkoba wake sokoni atoe pesa, mara nyingi alikutana kwanza na sampuli za zipu. Baba akiulizwa alisema, "Haba na haba hujaza kibaba," akacheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa hata majirani wa Kichina walikuwa wakigonga ukuta.

Mwaka ule kibaba hakikujaa. Mawakala wa mizigo walikuwa wameongezeka, na wateja walimfuata yule mwenye ofisi yenye zulia na kiyoyozi kisichovuja. Siku moja, tukinywa chai ya asubuhi, mama aliweka kikombe chini taratibu, dalili mbaya kwa wote waliomjua, akasema maneno yake mbele yangu bila kuficha. Msimu wa maonyesho ya biashara ya Oktoba ukiisha na baba hajapata wateja wa kudumu, yeye na mimi tungepanda ndege kurudi Mombasa. Mimi ningekaa kwa bibi na kuanza shule huko, na baba angebaki peke yake ahangaike na makontena yake. Baba aliitazama chai yake. Nilimpenda bibi, lakini baba ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli katikati ya marobota, na ndiye aliyeniamsha kila asubuhi kwa kuimba vibaya. Tangu siku hiyo kila mteja aliyepiga simu nilimwona kama tiketi ya ndege, ya kwenda au ya kubaki.

Wateja wakubwa waliobaki walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Mama Noella wa Bukavu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuongoza kwaya, ambaye hakuvaa kitenge mara mbili katika safari moja. Alinunua suruali za jinzi kwenye karakana za Xintang na mizigo yake ilipita Mombasa kwenda kwao. Wa pili alikuwa Anko Mwangi wa Nairobi, mtu mfupi, mcheshi, mwenye kofia isiyovuliwa hata mezani. Yeye pia alinunua jinzi Xintang. Na hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Mama Noella alikuwa amebuni suruali ya kike yenye ua lililodariziwa kwenye mfuko wa nyuma. Aliichora mwenyewe, na bosi wa karakana akamwapia kwamba ua hilo ni lake peke yake. Haikupita muda, ua lilelile likaonekana Nairobi kwenye mzigo wa Mwangi, kwa bei ya chini, na kutoka Nairobi likasafiri mpaka Bukavu likamkuta mwenyewe dukani kwake. Mama Noella alimwita Mwangi mwizi. Mwangi alimwita Mama Noella mgomvi. Waliapa kutosemeshana tena duniani, na kila mmoja alimwambia baba kwamba akimwona yule mwingine kwenye ghala lake, atahamishia mizigo yake kwa wakala mwingine.

Mawakala wengine waliwakirimu wateja wao kwa chakula cha jioni na matembezi ya mtoni. Baba alitaka kuwapita wote. Mwangi alikuwa na mjomba Naivasha na kila siku alisimulia uvuvi, na Mama Noella alikuwa akilalamika kwamba tangu afike hajapumua hewa isiyo na vumbi la nguo. Baba akapata habari za ziwa lile na za kijana mmoja anayewaongoza watu kuvua luyu, mwenye boti, vifaa na ujuzi wa kujua samaki wamelala wapi. Akampigia simu Mama Noella: safari ya heshima, boti yako peke yako, mwongozaji wako peke yako. Mama Noella alifurahi sana. Lingekuwa jambo jema kabisa lau lingeishia hapo. Lakini kijana alikodisha boti nzima, na boti ilikuwa na viti vitatu vya wageni. Baba alivifikiria viti vile siku mbili nzima, hakula vizuri. Mwishowe akampigia simu Mwangi: safari ya heshima, boti yako peke yako, mwongozaji wako peke yako. Kiti cha tatu, ambacho kilikuwa chake mwenyewe, alinipa mimi niwe mkalimani, maana kijana hakujua lugha yetu na wateja walijua Kichina cha sokoni tu, cha kuuliza bei na kuikataa.

"Baba Zuhura," mama alimwambia, "mafahali wawili hawakai zizi moja."

"Hilo ni zizi," baba akamjibu. "Hii ni boti. Na nafasi ipo, wallahi ipo. Wakishafika majini watapatana, kwani watakwenda wapi?"

Asubuhi ya safari nilikuja na baba na Mama Noella katika gari la kukodi. Mama Noella alikuwa amevaa kitenge chenye ndege wa manjano, wigi mpya, na viatu ambavyo ziwa halikuwa limewahi kuvifikiria. Mwangi alikuwa amelala Xintang karibu na karakana, akaja kwa teksi. Walikutana gatini, mbele ya boti. Kila mmoja akamgeukia baba na kumwuliza yule anafanya nini kwenye boti yake, na baba, ambaye uso wake sitausahau, aliinama kufunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba. Nilidhani wangeghadhibika na kuondoka zao, na mtu mwingine angefanya hivyo. Lakini hawa walikuwa wafanyabiashara. Anayeondoka ameacha mali yake. Mama Noella aliingia botini akakaa mbele, akasema boti ni yake na huyo bwana ndiye ashuke. Mwangi aliingia akakaa nyuma, akasema yeye hashuki ng'o. Mimi nikakaa katikati. Kijana mwongozaji, aliyeitwa A-Hui na ambaye sote tulimwita shifu kwa kuuheshimu ufundi wake, alitugawia makoti ya kuelea ya rangi ya machungwa, akawasha mota yake ndogo isiyo na kelele, nasi tukaondoka. Baba alibaki gatini akipunga mkono, akitabasamu, na akizidi kuwa mdogo.

Shifu A-Hui alikuwa kijana mwembamba aliyezungumza kwa kunong'ona, kama walivyo watu wanaokaa sana na samaki. Alitusimamisha chini ya mwamba wenye kivuli na kunieleza masharti. Samaki husikia. Mtu asipige kelele, asikanyage boti kwa nguvu, asisimame ghafla. Mmoja atupe mshipi kushoto, mwingine kulia. Kisha akatoa kisanduku cha minyoo, na harufu ya kitunguu saumu ikatupanda puani. Mama Noella alichukua mnyoo mmoja kwa ncha za vidole, akauvuta, ukavutika. Akaugeuza, akautazama tumbo na mgongo, jinsi alivyokagua mshono wa suruali.

"Hii ni feki," akasema. "Mon Dieu! Hata munyoo banakopi?" Kisha, bila kugeuza shingo, akaniambia kwa sauti ya kufika mwisho wa ziwa, "Ma fille, binti yangu, ulizia ule bwana wa nyuma kama ni yeye alikopi na hii."

Mwangi alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake. Kiswahili alikisikia vizuri, nami nilijua alikisikia kwa sababu masikio yake yalicheza chini ya kofia. Lakini aliangalia maji akangoja. Ndipo nilipoelewa kazi yangu halisi siku ile. Kiapo chao hakikuwaruhusu kusemezana, na kwa hivyo mimi, niliyeletwa kutafsiri Kichina, nilitakiwa nitafsiri Kiswahili kwenda Kiswahili, ndani ya boti ambayo ukinyoosha mikono unagusa abiria wote.

"Anko," nikamwambia, "Mama Noella anauliza kama umewahi kutumia mnyoo wa aina hii."

Mwangi alinitazama kwa muda. "Mshow huyo mathe," akasema, "ati mimi natoka fishing family, Naivasha, na sihitaji lecture ya mtu wa viatu vya harusi."

"Mama," nikasema, "Anko Mwangi anasema kwao wanavua, kama unataka msaada atakuonyesha. Na viatu vyako ameviona."

Mama Noella alivitazama viatu vyake. "Merci," akasema kwa shida, kama anayetema mbegu.

Tuliendelea hivyo asubuhi nzima. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba hakuna neno baya litakalopita kwangu, kwa kuwa mbele yangu na nyuma yangu sikuwaona watu, niliona tiketi mbili za Mombasa. Mama Noella alisema mshipi wa ule bwana ukikuja upande wake tena, ataukata kwa meno. Nikatafsiri kwamba anamwomba atupe upande wa pili, kwenye samaki wengi zaidi. Mwangi alisema ziwa ni kubwa, huyo mathe aogelee akatafute la kwake. Nikatafsiri kwamba anaona ziwa ni zuri sana. Walikuwa wakiyasikia maneno ya kwanza na ya pili pia, hilo linanichekesha hadi leo, lakini walijibu yale yangu. Nadhani walichoka kabla yangu. Katikati ya hayo Shifu A-Hui aliendelea kuninong'oneza niwaombe wanyamaze, na nilipowaomba, wote wawili walinyamaza, kisha Mama Noella akaanza wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, ambayo kwake yeye ilikuwa sauti ya juu ya watu wengine. Shifu alifumba macho yake. Samaki, kama walikuwepo, walihama.

Jua lilipopanda, Mwangi akaukosea mwelekeo mshipi wake, ukapita juu ya kichwa changu na kuangukia upande wa Mama Noella, karibu kabisa na chambo chake, kisamaki cha plastiki alichochagua badala ya mnyoo na kilichokuwa kikielea juu ya maji. Mama Noella alifungua mdomo atoe tamko la vita. Kabla hajalitoa, maji yalipasuka. Fimbo yake ikapinda. Na nyuma yangu fimbo ya Mwangi ikapinda pia. Wote wawili wakapiga kelele kwamba wamepata, wote wawili wakavuta, na boti ikazunguka kama sinia la mtembeza karanga. Shifu alisahau kunong'ona. Aligeuka huku na huku akiwaamuru wasivute, nami nilitafsiri kwa kupiga mayowe, na hakuna aliyenisikiliza. Samaki aliruka nje ya maji mara moja akatuonyesha mdomo wake wote. Mle ndani mlikuwa na mnyoo wa Mwangi upande mmoja na kisamaki cha Mama Noella upande wa pili. Samaki mmoja alikuwa amekubali oda za wateja wawili kwa wakati mmoja. Alikuwa na tabia za baba yangu kabisa.

Shifu alimwingiza wavuni, akamwinua kwa mikono miwili, na akakiri kwamba tangu aanze kazi hiyo hajaona jambo kama hilo. Alikuwa samaki mnene, wa kijani, mwenye mstari mweusi ubavuni. Mwangi alivua kofia yake. Ndiyo mara ya kwanza nilipokiona kichwa chake, nacho kilikuwa kinang'aa. Mama Noella alikuwa tayari amempika samaki yule kwa macho, na ndimu, na pilipili, na wali pembeni. Shifu akawaweka wote wawili pamoja, samaki katikati, akawapiga picha. Kisha akazitoa ndoana kwa upole, akainama ukingoni, kisu chake cha kukatia nyuzi kikining'inia kiunoni, akamtia samaki majini na kumshikilia hapo, kama anayemwogesha mtoto.

"Anafanya nini?" Mwangi akauliza.

Nilimuuliza Shifu. Nikapata jibu nisilolipenda. "Anasema hapa samaki hawaliwi," nikawaambia. "Anavuliwa, anapigwa picha, anarudishwa kwao."

Mara hii nilikuwa nimetafsiri sawasawa na hakuna aliyeniamini. Mama Noella alisimama, boti ikayumba. Alitazama mikono ya Shifu ikifunguka, na kiapo chake chote kikamtoka.

"Mwangi! Muzuie! Shika mukono yake!"

"Mama, nashika wapi? Ako na kisu!"

"Kamata mukia, basi! Mukia!"

Mwangi alijitupa ukingoni akaingiza mikono yote miwili majini mpaka kwenye viwiko. Alitoka na maji. Samaki alikuwa amekwenda. Kwa uso wa msibani, Mama Noella akamkabidhi Mwangi ncha ya kitenge chake ajifute mikono.

Wakaanza kusemezana. Mwanzo walimsema Shifu tu, walikubaliana kwamba hana akili na kwamba mtu anayerudisha chakula majini hajawahi kulala na njaa. Walijaribu hata kununua kwake samaki mwingine, wakimwita rafiki, wakibishana naye bei kama sokoni, naye akawajibu kwa upole yaleyale, hauzi. Wagombanao ndio wapatanao. Kutoka kwa samaki wakahamia kwenye ua la mfukoni. Mwangi aliapa, kofia kifuani, kwamba bosi wa karakana ndiye aliyemwonyesha ile suruali akamwambia ni muundo mpya wa kwake, "exclusive, yako peke yako." Mama Noella akamwambia maneno hayo ndiyo aliyoambiwa na yeye, neno kwa neno. Wakatazamana. Nami nikahisi hatari ikija, sikujua inatoka upande gani.

"Na hii boti," Mama Noella akasema polepole, "we walikuambia nini?"

"Yangu peke yangu," Mwangi akajibu.

Wote wawili wakageuka kutazama gatini. Baba alikuwa bado pale, mdogo kama punje, na alipoona nyuso zetu zimemgeukia, alisimama juu ya kigogo akatupungia mikono yote miwili kwa furaha.

Tulikula mchana kwenye mkahawa wa kijijini kando ya ziwa. Walituletea luyu wa kufugwa, aliyepikwa kwa mvuke na tangawizi, na Mama Noella akala mpaka akasema huyu walau anajua wajibu wake. Yeye na Mwangi waliketi pamoja, wakapeana mchuzi, wakachekeana. Walimtendea baba kwa adabu ya ajabu. Baba alifurahi hata akashindwa kumeza. Garini, tukirudi, aliniegemea akaninong'oneza, "Umeona mwanangu? Nafasi ilikuwepo." Nilimwamini, na usiku huo nililala fofofo.

Jumapili iliyofuata walikuja nyumbani kwetu, wote wawili kwa pamoja, na mfuko wa mabalungi. Mama aliwatilia chai. Waliketi kwenye kochi moja, wakauliza hali ya kila mtu, wakasifu mapazia, wakasifu chai, na kila mmoja alimtazama mwenziwe aanze. Wakubwa hao, ambao siku zile sokoni waliweza kumkemea bosi wa kiwanda mpaka akatoa kikokotoo cha pili apige hesabu ya bei upya, walishindwa kumtazama baba usoni. Mwishowe Mama Noella akanigeukia.

"Zuhura, ma fille. Ambia baba yako..." Akashika balungi moja, akalirudisha mfukoni. "Ambia baba yako kama mizigo yangu na ya Mwangi, tukiweka pamoja, inajaza kontena moja nzima. Sasa hatuna haja ya kununua nafasi. Tutakodi ya kwetu."

Baba alikuwa ameketi mbele yake, goti lake likikaribia kugusa meza. Alikuwa amesikia. Lakini aliendelea kunitazama mimi, kama Mwangi alivyoangalia maji, akingoja. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na birika mkononi. Nilitafuta neno tamu la kuweka mahali pa yale, kama nilivyofanya ziwani, na sikulipata. Nikamwambia vilevile. Nilimwambia wanaondoka.

Baba alikuwa mtu wa maneno mengi. Siku ile uso wake ulibadilika, akaonekana mzee, akawa hana hata methali. Mtaka yote hukosa yote, na nadhani ndiyo iliyokuwa ikimpita kichwani, ila hakuisema.

"Waambie nimesikia," akaniambia.

Niliwageukia. Kila mtu sebuleni alikuwa amesikia alichosema, neno moja lisilohitaji mkalimani. Nikafungua mdomo na maneno yakatoka, wala sikuyapanga.

"Baba anasema," nikasema, "kontena si neno, kodini la kwenu. Lakini anauliza nani atawapakilia. Anasema hakuna mtu Guangzhou nzima anayejua kupakia kama yeye. Anasema awapakilie yeye, na awakagulie mizigo Xintang mkiwa mmerudi kwenu ili bosi asiwadanganye tena, na nyinyi mumlipe kila mwezi. Kwa sababu..." Nikamtazama mama pale mlangoni. "Kwa sababu mkienda, mimi na mama tutarudishwa Mombasa, na yeye atabaki hapa peke yake, na hataki. Hataki kabisa."

Baba alikuwa ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti, na sikuweza kuona uso wake. Alikuwa amezoea kuitwa bosi. Nilichomtafsiria kilikuwa kibarua. Nilingoja anikane, kama haki yake ilivyokuwa, aseme mtoto huyu anaropoka. Mama Noella akamwuliza, safari hii moja kwa moja, jicho kwa jicho.

"Twahir. Mutoto ametafsiri muzuri?"

Baba aliinua kichwa.

"Ametafsiri vizuri," akasema.

Mwangi alivua kofia mara ya pili katika maisha yake niliyoyashuhudia, akajipangusa kichwa, akasema basi, imeisha, tukunywe chai. Mama akaja na birika akatilia. Hatukuondoka. Baba aliwapakilia watu wale wawili miaka mingi, na wengine walioletwa nao, na mwanzoni alitembea mtaani kwa kukwepa macho ya mawakala wenziwe. Hakuwahi kunigusia siku ile. Ila asubuhi iliyofuata alikuja kuniamsha kwa wimbo, vibaya kuliko siku zote.

Leo mambo ni mengine. Ziwa lile lina boti nyingi, na waongozaji wana skrini inayowaonyesha samaki chini ya maji, hata mtu akiimba kwaya haidhuru. Baba amezeeka, anaishi bado Guangzhou, na bado huwezi kufungua kabati lake bila kuangukiwa na kitu. Mimi naishi huko pia, na kazi yangu ilikuwa ukalimani mpaka simu zilipojifunza kutafsiri. Juzi, kwenye karakana moja ya Xintang, nilimwona mnunuzi kutoka nyumbani na bosi wa Kichina wakigombana, kila mmoja akiisemesha simu yake. Simu zilitafsiri upesi na sawasawa kabisa. Mmoja aliposema mwizi, simu ilisema mwizi. Kwa dakika chache tu oda ilikuwa imevunjika na watu wawili wazima wamepeana mgongo. Niliwatazama, nikaona lau simu kama ile ingekuwa mezani kwetu Jumapili ile, ingesema neno moja tu, nimesikia, na ingekuwa imetafsiri sawasawa. Nami ningekulia Mombasa bila baba.